Tarumbeta ya Kwanza Ilivyosubiri Dozi Ndogo

Ni Jumamosi asubuhi, na ua wa mshona magodoro umejaa watu na vyombo vya shaba. Ngoma kubwa imelazwa juu ya rundo la pamba. Matoazi yanang'aa kwenye kamba ya kuanikia, katikati ya shuka na soksi za watu. Mwenye kupuliza anapuliza, mwenye kufua anafua, na kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kelele.

Aliyetulia ni mmoja tu. Ni kijana mrefu aliyekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amejibandika midomoni kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, macho kayafumba kama mtu anayesali.

"Mwacheni bwana harusi aogeshe mdomo wake," anasema mpiga ngoma, na ua mzima unaangua kicheko.

Kijana anafumbua macho. Anaondoa kitambaa, anajipaka mafuta ya mdomo, anasubiri kidogo, kisha anayafuta yote, maana yakibaki hata kidogo kile kikombe cha kupulizia kitateleza. Ndipo anapoinua tarumbeta. Sauti inayotoka ni moja, nyembamba, iliyonyooka, na ndefu kiasi kwamba dada anayefua anasimamisha mikono ndani ya povu kusikiliza itaishia wapi.

"Haya sasa," anasema dada huyo inapokatika. "Nilidhani leo atazimia."

Huyo ndiye Mashavu. Jina alilopewa na wazazi analijua yeye na mama yake. Mtaani ukiliuliza utaambiwa mtu huyo hayupo. Anakaribia miaka thelathini, na kazi yake ni kupuliza tarumbeta katika bendi inayosindikiza maharusi, wahitimu na, siku zikiwa mbaya, marehemu. Jina la Mashavu alilipata kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jinsi mashavu yake yanavyofura anapopuliza. Ya pili ni ile ambayo kwa miaka mingi watu waliisema akishapita.

"Chunusi zilinianza shuleni kama wengine," anasimulia. "Wenzangu zikawaisha, wakamaliza shule, wakaoa. Mimi zikanogewa."

Hazikuwa vipele vya kubinya na kusahau. Zilikuwa za ndani, kubwa kama majipu, zinazouma hata usipozigusa. Zilitanda mashavuni, kidevuni, na mbaya kuliko zote zikajenga juu ya mdomo, mahali palepale ambapo kikombe cha tarumbeta hukaa.

"Kupuliza si kuweka mdomo tu, ni kugandamiza," anasema, akionyesha kwa kidole. "Sasa hapa pana jipu, na hapahapa ndipo napotakiwa nigandamize. Ni kama kuegemea msumari, halafu watu wanakuambia utabasamu, bibi harusi anapita."

Ua anaoishi ni wa vyumba sita na bomba moja, na mtu anayetaka siri yake ikae salama asipange pale. Kila mpangaji alikuwa na dawa ya Mashavu. Mmoja alimletea ndimu. Mwingine alimpa dawa ya meno apake alale nayo. Jirani wa mlango wa pili, ambaye kwa kazi yake ya kutangaza habari huitwa Mama Redio, alitoa dawa isiyouzwa dukani.

"Nilimwambia aoe," anakiri Mama Redio bila aibu yoyote. "Enzi zetu ukioa zinakwisha."

"Na zilizobaki kwa mumeo?" anauliza mpiga ngoma kutoka ng'ambo ya ua.

"Yule ni ndui, usinichanganye!"

Mashavu alijaribu karibu vyote isipokuwa kuoa. Alinunua hata krimu isiyo na maandishi kwa mchuuzi aliyeipima kwa kijiko. Iliondoa chunusi mbili na ngozi yote iliyozizunguka. Akaanza kukisogeza kikombe cha tarumbeta kushoto, kwenye upande wa mdomo uliokuwa na nafuu. Sauti nayo ikasogea. Ilitoka imepinda, kama mtu anayeongea huku ana kitu shavuni.

Katika bendi ya namna hii, tarumbeta ya kwanza si ya kupendezesha safu. Anayeipuliza hutangulia mbele ya wote na hufungua msafara peke yake, kwa mlio mmoja, kabla ngoma haijagongwa. Akiyumba yeye, wote wanayumba. Akikatika, wageni wanageuka kutazama kama gari la bwana harusi limegonga kitu.

Kiongozi wao, mzee wanayemwita Baba Bendi, alivumilia mlio uliopinda kwa msimu mzima. Mwisho akampokonya kijana tarumbeta mbele ya kanisa, akamkabidhi matoazi.

"Sikumfukuza," anasema Baba Bendi, mzee mfupi mwenye kifua kipana na viatu vinavyong'aa kuliko tarumbeta. "Nilimwambia, mwanangu, nenda katibiwe. Kiti chako nitakikalia mimi. Nilidhani ni wiki chache."

Kuna jambo ambalo Baba Bendi hakulisema siku ile. Yeye mwenyewe alikuwa amestaafu kupuliza baada ya kung'oka meno ya juu. Aliyovaa ni ya bandia, na kikombe cha tarumbeta kikigandamiza, meno yale husukumwa nyuma na kuchubua ufizi. Kila msafara aliofungua kwa niaba ya Mashavu ulimwachia kidonda. Akifika nyumbani alikunywa uji uliopoa na kumwambia mkewe kwamba hana njaa.

Aliyempeleka Mashavu hospitali ni mama yake, fundi cherehani anayeshona sare za shule kwenye kibaraza cha chumba chao. Ni mama wa maneno machache yenye ncha.

"Nilimwambia mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua," anasema huku akipitisha uzi kwenye sindano. "Na wewe hata kuyaficha huwezi. Yako yako usoni. Twende."

Walikaa kwenye benchi la kliniki ya ngozi tangu asubuhi. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimtazama uso, akamgusa taya, akamuuliza ametumia nini. Mashavu akataja. Orodha ilipofika kwenye ile krimu ya kijiko, daktari alifumba macho kidogo. Kisha akaanza kuandika dawa.

"Akawa ameshaandika nusu," anakumbuka mama. "Mara akainua kichwa. Akamuuliza, kijana, unafanya kazi gani?"

Mashavu alijibu kwamba anapuliza tarumbeta.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Katika wote walionitibu, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza kazi," anasema Mashavu, na hapo sauti yake inashuka. "Mpaka leo namshukuru kwa lile swali kuliko hata dawa."

Daktari huyo anaeleza kwamba vidonge alivyotaka kumpa ni vya chunusi kali, hutolewa kwa maagizo ya daktari pekee, na hukausha ngozi. Sehemu inayoanza kukauka ni midomo. Kwa mshonaji au karani, midomo iliyopasuka ni usumbufu. Kwa mpiga tarumbeta ni kufungiwa duka.

"Nikafuta nilichoandika, nikampa dozi ndogo," anasema. "Nikamwambia wazi: hii itakuachia mdomo, lakini bei yake ni muda. Usitegemee harusi ya mwezi ujao. Tegemea miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Na mwanzoni uso unaweza kuchafuka kabla haujatulia."

Alimpa na masharti. Kidonge ameze na chakula, kisiende tumbo tupu. Damu ipimwe kila baada ya muda ili ini na mafuta yaliyo kwenye damu yaangaliwe. Asichangie damu anapotumia dawa, wala asiongeze vidonge vya vitamini A kutoka dukani. Akijisikia mnyonge au akikosa raha isivyo kawaida, aseme mapema. Na asimgawie mtu mwingine kidonge hata kimoja.

Sharti hilo la mwisho lilijaribiwa mapema. Mama Redio alikuja jioni na sahani iliyofunikwa, akasifia mapazia, akasifia sakafu, kisha akaomba vidonge vichache kwa ajili ya binti yake aliyekuwa ameolewa karibuni na kuanza kutoka vipele.

"Nilimuuliza tu, huyo bibi harusi wako ana hakika hana mimba?" anasema mama wa Mashavu. "Akaniambia, mimba ndiyo tunaiombea. Nikamwambia, basi jirani yangu, kaa mbali na hivi vidonge kama unavyokaa mbali na nyoka. Daktari kasema vinaharibu mtoto tumboni. Mpeleke kwake, atampa vinavyomfaa."

Mama Redio alinuna siku mbili. Siku ya tatu akampeleka binti kliniki, na leo ana mjukuu ambaye anambeba mgongoni wakati wa mahojiano haya na kumtangaza kwa kila anayepita.

Dawa ilifanya kama daktari alivyosema, nalo hilo ndilo lililomtisha Mashavu. Wiki za kwanza majipu yaliongezeka. Alikwenda kwenye misafara amejifunga leso puani kama mtu anayekwepa vumbi, akigonga matoazi nyuma kabisa. Ua ukagawanyika makundi mawili: wanaosema amerogwa na wanaosema amedanganywa.

Kisha uso ukaacha kuchafuka, ila haukusafika. Ulisimama tu. Kila asubuhi alikuwa anautazama kwenye kioo cha kibaraza na kila asubuhi uso ulikuwa uleule.

"Watu walikuwa wananiambia mvumilivu hula mbivu," anasema Mashavu. "Kishindo akawa anawajibu kwamba mbivu zenyewe zishaoza."

Kishindo ni huyo mpiga ngoma. Ndiye mshona magodoro, ndiye mwenye ua, na ndiye rafiki wa Mashavu tangu wakiwa wadogo. Siku moja, wawili hao wakijaza pamba kwenye godoro, Kishindo aliropoka jambo ambalo alikuwa ameahidi kutolisema. Alisema kwamba mpiga tarumbeta mmoja hodari alikuja kuomba nafasi ya kwanza, tena na chombo chake mwenyewe, na Baba Bendi akamrudisha. Mzee alimwambia mgeni huyo kwamba kiti kina mwenyewe. Na kwamba mzee yule, baada ya kila harusi, huingia nyuma ya gari kutema damu.

"Sikujua," anasema Mashavu. "Wallahi sikujua. Mimi nilidhani mzee amekumbuka ujana, anafurahia. Nikahesabu harusi zote alizonipulizia, nikaona nimekuwa nikitafuna ufizi wa mzee wa watu."

Ndipo alipofanya kosa ambalo mpiga muziki pekee angelifanya. Alimuuliza Kishindo: ngoma ikiwa haisikiki, unafanya nini?

"Nikamwambia, naongeza mkono," anasema Kishindo, na kwa mara ya kwanza asubuhi nzima hacheki. "Mimi nilijibu habari za ngoma. Naapa nilidhani tunaongea habari za ngoma. Mara akasema, basi na mimi naongeza mkono. Nikamwambia, ongeza bwana, dawa gani hiyo haisikiki? Hapo sasa nilikuwa naelewa. Hapo siwezi kujitetea."

Mashavu akaanza kumeza vidonge viwili palipotakiwa kimoja. Hakumwambia mama. Hakumwambia daktari. Alitaka apone haraka amtoe mzee wa watu kwenye mateso.

Midomo ilianza kubanduka kama rangi ya ukuta uliolowa. Pua ikawa inatoka damu anapoinama kufunga kamba za viatu. Macho yakawasha. Lakini mashavuni aliona nafuu, au alitaka kuiona, akaenda kwa Baba Bendi na kumwambia kwamba yuko tayari. Kulikuwa na mahafali ya chuo cha ualimu, bendi imeitwa. Mzee alimtazama midomo akaguna. Kisha, kwa kuwa ufizi wake mwenyewe ulikuwa unamuuma, akakubali.

Wahitimu walipanga mstari kwa majoho yao. Wazazi wakainua simu. Mashavu akatoka mbele, akavuta pumzi, akagandamiza.

"Mdomo ulichanika hapa katikati," anasema, akigusa alama nyembamba ambayo bado ipo. "Niliusikia kabla ya kuuona. Mlio ulitoka kama jogoo aliyekanyagwa."

Watu walicheka, si kwa ubaya, wakidhani ni mzaha wa bendi. Walipoona damu inatiririka kwenye shaba na kudondokea shati jeupe, wakashusha simu. Baba Bendi alipita mbele, akaichukua tarumbeta, akaifuta kwa tai yake, akaifungua sherehe. Mashavu aliutembea msafara wote pembeni yake, mikono mitupu.

Usiku huo hakukuwa na wa kumtania. Mama alimkuta amekaa gizani, akawasha taa, akauona mdomo, akaona pakiti ya vidonge imekwisha kabla ya wakati wake. Hakupiga kelele.

"Aliniambia, kesho tunakwenda, na utasema mwenyewe," anasimulia Mashavu. "Hilo la kusema mwenyewe ndilo lililoniua."

Alisema. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akampima damu, akaisimamisha dawa mpaka midomo ifunge. Anakiri kwamba alikasirika.

"Nilimuuliza, ulikuwa unamdanganya nani? Mimi silali na uso wako," anasema daktari. "Lakini aliponieleza habari za yule mzee, hasira ikaniisha. Huyu hakuwa mtu wa kutaka urembo. Alikuwa mtu wa kutaka kurudisha fadhila. Tatizo ni kwamba dawa haijui unaharakia nini."

Kisha akamweka sawa juu ya matarajio, jambo analosema alipaswa kulisisitiza tangu mwanzo. Majipu yatapungua, alimwambia, na siku moja yataacha kuja. Makovu hayatafutika kwa vidonge hivi. Huenda chunusi chache zikarudi hata baada ya kumaliza, na zikirudi, aje bila aibu. Wala asijipime kwa kioo cha kila asubuhi, maana kioo kinachotazamwa kila siku hakina habari mpya.

Dawa ilipoanza tena, ilianza kwa dozi ndogo kuliko ya mwanzo, siku moja ameze na siku moja aache, kisha taratibu ikarudi kwenye kidonge kimoja kwa siku. Kishindo akajipa kazi ya ulinzi. Kila asubuhi, kabla hajachana pamba, hupaaza sauti kutoka ng'ambo ya ua.

"Moja?"

"Moja."

"Na chakula?"

"Na chakula, askari wangu."

Mashavu akarudi kwenye matoazi, na safari hii hakununa. Alijifunza kunywa maji njiani, kuvaa kofia juani, kupaka mafuta kabla mdomo haujadai. Nyumbani alipuliza kidogo kidogo, sauti za chini, akiacha mara tu anapohisi ngozi inavutwa. Miezi ikapita hivyo. Ua ukachoka kumtazama, ukahamia kwa mpangaji mpya aliyeleta paka wanne.

Kwa hiyo hakuna aliyeona. Aliyegundua aligundua kwa masikio.

Ilikuwa jioni, Baba Bendi amekuja kwa Kishindo kuulizia godoro. Alikuwa amekaa nje, ameelekeza mgongo kwenye mlango wa kina Mashavu, anabishana kuhusu pamba ya kujazia. Ndani kijana alikuwa anapasha pumzi. Mzee akainua mkono, mabishano yakakoma.

"Kwa mwaka na kitu nilikuwa nasikia mlio wake umekaa kushoto," anaeleza Baba Bendi. "Siku ile ukatoka katikati. Umenyooka. Ina maana amekiweka kikombe mahali pake na hakuna kinachomuuma. Uso wa kijana huyu niliusikia kabla sijauona."

Aliinuka akaenda mlangoni, akamgeuza kijana kwenye mwanga, akamkagua kama anayekagua tarumbeta ya kununua. Juu ya mdomo palikuwa tambarare. Kidevuni palikuwa na chunusi moja ndogo, ya kawaida, ya mtu yeyote. Mashavuni yalibaki makovu, na chini ya makovu ngozi imetulia. Mama alitoka na sindano mdomoni, akasimama, akasahau alichokuwa anatafuta.

"Tulikuwa tunaishi naye humu humu," anasema mama. "Tulikuwa tunatazama kila siku na hatukuona. Mungu ana utani."

Hata hivyo mzee hakumkabidhi nafasi siku ile. Alimwambia amuulize daktari kwanza. Daktari alikagua midomo, akamruhusu, ila misafara mifupi na mapumziko katikati. Ndipo ikaja harusi moja kubwa, ya mtoto wa mwenye duka la vyombo, wageni mpaka barabarani. Bendi ilijipanga. Mashavu alikuwa ameshika matoazi yake kama kawaida.

Baba Bendi alitoka mbele na tarumbeta. Akageuka nyuma, akawatazama watu wake. Kisha akaingiza vidole kinywani, akatoa meno yote ya juu, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfuko wa shati.

"Haya," akasema, midomo imemzama. "Mimi nimefunga. Atakayefungua afungue."

Kishindo anasema ilibidi auume mkono wake asicheke, maana alikuwa analia pia, na vyote viwili kwa pamoja vinamharibia mtu mdundo. Bibi harusi yuko mlangoni. Hakuna tena wa kupuliza isipokuwa mmoja. Mashavu akamkabidhi jirani yake matoazi, akapita katikati ya wenzake, akapokea tarumbeta kwa mikono miwili, akajifuta mdomo.

Wageni hawakuelewa kwa nini bendi nzima ilishangilia mlio mmoja.

"Mama alikuwa amenisindikiza akajichanganya na waalikwa," anasema Mashavu. "Watu wakadhani ni upande wa bwana harusi kwa jinsi alivyopiga vigelegele. Wakampa mpaka kiti cha mbele."

Tangu siku hiyo Baba Bendi hajapuliza. Ufizi umepona, anakula anachotaka, na mkewe amemletea Mashavu shati jipya jeupe badala ya lile la mahafali. Mzee huja kwenye mazoezi, hukaa kwenye godoro lisilouzika, na kukosoa kila mtu.

Kijana bado anatumia dawa. Daktari anasema imebaki miezi michache ikiwa mambo yataendelea hivi, na Mashavu haulizi ni michache mingapi. Midomo bado hukauka. Juzi chunusi mbili zilitokea shavuni na hakuna aliyeandaa mkutano. Anataka amalize dawa kama alivyoagizwa, na baada ya hapo anataka bendi ipate bango jipya la kuning'iniza kwenye geti la Kishindo, kwa sababu la zamani limepauka na lina picha ambayo yeye amejificha nyuma ya ngoma kubwa, yanaonekana mabega tu.

Mpiga picha ameshafika, anapima mwanga kwa kufumba jicho moja. Watu wote sita wa bendi na mzee wao wanajipanga mbele ya ukuta, kila mmoja akimkanyaga mwenzake. Mama Redio anapanga wasiomhusu. Mashavu amewekwa mbele katikati, tarumbeta kifuani.

"Usiwe na wasiwasi, kaka," mpiga picha anamwambia, akimsogelea na kupunguza sauti, ingawa katika ua ule ni kazi bure. "Hayo makovu nitayafuta kwenye kompyuta. Utatoka laini kama yai."

"Halafu mtu akituita kwenye harusi, nikitokea mimi, atasema tumemkodi yule yai, huyu ni nani?" anajibu Mashavu.

Ua unalipuka. Kishindo anagonga ngoma mara moja kutia muhuri. Mpiga picha naye anacheka, anarudi nyuma, anauliza ili kuhakikisha kama kweli asisafishe popote, hata kidogo tu, hata pale kidevuni.

"Usiguse," anasema Mashavu, akinyoosha kola ya shati lake. "Sura hii nimeingoja sana."